Chipu ya Miguu Minane: PlayStation Zilivyofunguliwa, Kutoka Japani hadi Manyatta

Waulize vijana wa rika langu hapa Manyatta ni wapi walipoigusa kompyuta kwa mara ya kwanza. Wachache watataja shule, wawili watatu watataja saiba ya mjini Embu. Wengine watacheka na kusema hawakumbuki, ilhali jibu wanalo: ilikuwa PlayStation, kwenye kibanda cha mabati, shilingi tano mchezo mmoja. Hatukuiita kompyuta. Lakini ndani yake mlikuwa na prosesa ya karibu megahezi 34, memori ya megabaiti 2 na kisomeo cha sidi. Kompyuta kamili, iliyokosa kibodi tu.

Na karibu kila moja niliyoiona nikikua, kuanzia Embu mjini hadi Kairuri, ilikuwa imewahi kufunguliwa na fundi, ikatiwa chipu ndogo, ikafungwa tena. Mashine kama hiyo tulisema "imechipiwa". Leo nataka kuandika historia ya chipu hiyo, kwa sababu miaka yote niliyosomea sayansi ya kompyuta haikutajwa hata siku moja, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya kazi nadhifu zaidi za uhandisi zilizowahi kupita kwenye miinuko hii yetu ya chai na kahawa. Kaa kitako ndugu msomaji, kuna ufundi kidogo mbele.

PlayStation ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 1994, ikaingia Marekani na Ulaya Septemba 1995. Sony walichagua sidi wakati Nintendo bado walikuwa wanashikilia katriji za plastiki. Sidi ilikuwa rahisi kutengeneza na ilibeba data nyingi mno. Ila ilikuja na tatizo lake: vifaa vya kuandikia sidi vilikuwa vinashuka bei kila mwaka, na ilionekana wazi kwamba muda si mrefu kila mwenye kompyuta angeweza kunakili gemu sebuleni kwake. Ikahitajika alama ambayo PlayStation ingeiona, lakini kompyuta ya kawaida isingeweza kuinakili.

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba siri ilikuwa ule weusi wa upande wa chini wa diski halisi. La hasha. Weusi ule ni rangi ya plastiki tu, na mwale wa leza hupita ndani yake bila taabu. Kufuli lenyewe lilikuwa mahali pengine.

Chukua mfano wa barabara. Data ya sidi imepangwa kwenye njia moja ndefu inayozunguka kutoka katikati kwenda nje. Leza ni matatu inayoifuata njia hiyo, na data ni abiria wanaopakiwa njiani. Sasa kiwandani Sony waliichonga sehemu ya mwanzo kabisa ya njia, ile inayotangulia data, iwe inapinda kushoto na kulia kidogo sana kwa mpangilio maalum. Dereva lazima akate usukani ili asitoke barabarani. PlayStation haikuhesabu abiria tu, ilitazama pia usukani. Kutokana na mikato ile ilisoma herufi nne: SCEI kwa diski za Japani, SCEA kwa za Marekani, SCEE kwa za Ulaya. Zikilingana na mashine, gemu linaanza. Zikikosekana, unabaki kwenye kioo kinachokutaka uweke sidi ya PlayStation.

Kompyuta inaponakili sidi, inanakili abiria. Barabara hainakiliwi. Diski tupu unayonunua dukani ina mipindo yake tayari, ya kuuongoza mwale wa kuandikia, na hakuna amri unayoweza kuipa kompyuta ili ibadilishe mipindo hiyo iwe herufi za Sony. Nakala inaweza kuwa sahihi hadi biti ya mwisho na bado mashine ikaikataa. Mimi kama mwandishi wa programu naivulia kofia akili hiyo.

Lakini kila kufuli lina mahali lilipolegea. Hili lilikuwa na mahali pawili.

Kwanza, mashine ilitazama mipindo mwanzoni tu. Baada ya hapo haikuuliza tena. Ndipo ukazuka ule mchezo wa kubadilisha diski: unaweka diski halisi, mashine inaridhika, unaichomoa kwa haraka na kuweka nakala huku kitufe cha kifuniko kimekabwa kwa kijiti au springi ili mashine idhani kifuniko hakijafunguka. Ilifanya kazi, hasa kwenye mashine za mwanzo. Pia iliharibu vitu, kwa sababu unashika diski ikiwa bado inazunguka.

Pili, na hapa ndipo penye utamu, zile herufi nne zilisafiri ndani ya mashine kupitia kwenye waya. Kisomeo kilizitoa kwenye usukani, kikazipeleka kwa chipu inayosimamia sidi kwa mwendo wa biti 250 kwa sekunde. Biti 250! Huo ni mwendo wa konokono hata kwa miaka ile. Ukiwa na kitu chochote kinachoweza kuwasha na kuzima waya kwa mpangilio, unaweza kusema "SCEE" badala ya diski, na msimamizi hana njia ya kujua nani amezungumza.

Kitu hicho kilipatikana. Kilichotumiwa sana ni PIC12C508 ya kampuni ya Microchip, kompyuta ndogo ya miguu minane inayoweza kukaa juu ya ukucha. Nafasi ya programu ni maneno 512. Memori ni baiti 25. Sikukosea, ni baiti ishirini na tano. Sentensi hii peke yake haiwezi kuenea humo. Kazi yake yote ilikuwa kurudia herufi nne, na mzunguko mmoja ulichukua chini ya sehemu moja ya tano ya sekunde. Nyingine zilizitaja zote tatu kwa zamu, Japani, Marekani, Ulaya, ili diski yoyote kutoka popote ikubalike. Fundi alihitaji nyaya nne au zaidi kidogo, mkono usiotetemeka, na mchoro unaoonyesha mahali pa kuchomelea, kwa sababu Sony walibadilisha bodi mara nyingi na mahali pa waya palihama.

Waundaji wa magemu nao hawakulala. Waligundua kwamba chipu hizi za mwanzo zilikuwa na domo: ziliendelea kutaja herufi muda wote, hata leza ikiwa katikati ya diski, mahali ambapo barabara haina mipindo yoyote. Basi gemu likawa linamwuliza msimamizi wa sidi: umesikia herufi ngapi tangu tufike hapa? Jibu sahihi ni sifuri. Likija tofauti, gemu linasimama na kukuambia mashine yako imechezewa. Jawabu la upande wa pili likaja upesi, chipu za kimya, zinazotaja herufi sekunde chache za mwanzo kisha zinanyamaza. Mchezo wa paka na panya ndani ya baiti 25.

Sasa tuje nyumbani. Kwa nini chipu hii ilikuwa lazima huku kwetu?

Sony waliigawa dunia mafungu matatu, na Afrika tuliwekwa kapu moja na Ulaya. Kwa mashine zao, mtoto wa Manyatta ni Mzungu. Lakini mashine zilizofika kwetu hazikuheshimu ramani hiyo. Zilikuja za mitumba na za Dubai, zikapitia maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, zikapanda matatu za Embu pale Tea Room zikiwa zimefungwa kwenye katoni. Moja ya Ulaya, nyingine ya Marekani, nyingine ya Japani. Ile ya Japani ni ya volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu ya volti 240 basi umeizika. Ya Marekani hali kadhalika. Halafu kuna televisheni: sisi tulifuata mfumo wa PAL, na picha ya Kijapani au ya Kimarekani kwenye televisheni ya zamani ilikosa rangi, au ikabingirika kutoka juu hadi chini kama karatasi ya hesabu. Ukiniuliza, wenye vibanda vile walisomea uhandisi wa umeme bila cheti.

Na diski? Diski halisi niliziona kwenye magazeti tu. Kibandani zilikuwa nakala, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, nazo zilitoka kila pembe. Gemu la mpira tulilolipenda lilikuwa Winning Eleven, na toleo la 2002 la PlayStation ya kwanza lilikuwa la Japani. Menyu zote Kijapani! Hakuna aliyejali. Tulijua kwa mikono: chini mara mbili, duara, chini, duara, mpira unaanza. Mtoto asiyejua kusoma Kiingereza vizuri alikuwa anapita kwenye menyu za Kijapani kama mwenyeji wa Osaka. Bila chipu, diski ile isingewaka hata kwenye mashine ya Ulaya iliyonunuliwa kihalali.

Mashine zenyewe ziliteseka. Zilikaa zimewashwa tangu asubuhi hadi usiku, mabati juu, vumbi la barabarani chini. Zile za mwanzo zilikuwa na reli ya plastiki ya kubebea leza, ikishalika na joto leza inaanza kuyumba. Dawa ilikuwa kuigeuza mashine kichwa chini, miguu juu, na ikasoma. Ukimwona mgeni anashangaa kwa nini PlayStation imepinduliwa, ujue hajawahi kuingia kibandani.

Hapa lazima nigusie sheria, maana sitaki mtu aniandikie kwamba nasifu wizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003, inasema kuvunja kinga ya kiufundi iliyowekwa kulinda kazi ya mtu ni kukiuka hakimiliki, na kutengeneza au kusambaza vifaa vya kuvunjia vilevile. Sheria hiyo hiyo inamruhusu aliyenunua programu kihalali kuweka nakala ya akiba. Ziweke pamoja uone: unaruhusiwa kuwa na nakala, lakini mashine haitaisoma mpaka uvunje kufuli, na kulivunja kumekatazwa. Diski ya mtoto wa miaka tisa hudumu siku ngapi bila mkwaruzo?

Wengine walilipeleka swali hili mahakamani. Nchini Australia, Sony walimshtaki mtu wa Sydney aliyekuwa anauza na kutia chipu, Eddy Stevens. Alishinda mwaka 2002, akashindwa kwenye rufaa mwaka 2003, kisha Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikampa ushindi. Hoja yao naipenda kwa sababu ni ya mtu anayeelewa mashine: kufuli la PlayStation halizuii kunakili. Nakala imeshatengenezwa zamani kwenye kompyuta. Kufuli linazuia kuicheza tu. Mwaka 2006 Bunge la huko lilibadilisha sheria, lakini likaacha wazi kwamba kufuli la kugawa masoko ya dunia kwa magemu na filamu halipati ulinzi huo. Uingereza mahakama ilienda upande wa Sony mwaka 2004. Kwetu sijawahi kusikia kesi ya chipu. Kufuli la kunakili na kufuli la ramani yaliwekwa kwenye herufi nne zilezile, na hilo kwangu ndilo kosa la msingi. Muuzaji wa nakala alistahili lawama. Aliyenunua diski halisi ya Kijapani hakustahili.

PlayStation 2 ilikuja mwaka 2000 na kufuli kali zaidi. Chipu zake zilihitaji nyaya nyingi, na fundi mwenye mkono mzito aliua bodi. Lakini mwaka 2008 ikatoka programu inayoitwa Free McBoot, inayokaa ndani ya memori kadi. Unaichomeka, mashine inaiamini, basi. Hapo chuma cha kuchomelea kikaanza kuwekwa chini, na kazi ikahama kutoka kwa fundi wa redio kwenda kwa kijana mwenye kompyuta. PlayStation ya kwanza iliacha kutengenezwa mwaka 2006, ya pili mwanzoni mwa 2013.

La kuchekesha ni kwamba ile ya kwanza haikuhitaji chipu kabisa. Ndani ya msimamizi wa sidi mlikuwa na amri za siri zinazofungua kufuli kwa programu tu, kwenye mashine za Ulaya na Marekani. Watu walizichimbua miaka mingi baadaye, na mwaka 2021 ikatoka tonyhax, inayozitumia kupitia faili ya memori kadi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi muda wote sisi tukitoboa ukuta. Na kwa anayependa waya, ipo PSNee, chipu ya programu huria unayoweza kuipakia kwenye Arduino au ATtiny85. Nimesoma msimbo wake mstari kwa mstari. Ni somo zuri la muda na mapigo kuliko mengi niliyopewa darasani.

Msimbo wa zile chipu za zamani za kwetu, hata hivyo, hauko popote. PIC ina swichi ya kuzuia programu isisomwe ikishaandikwa, na wauzaji waliiwasha. Wengine walikwangua hata namba mgongoni. Mafundi waliozitia wengi wao sasa wanatengeneza simu, na michoro yao ilikuwa kwenye daftari za shule zilizotumika kuwashia jiko. Kwa hiyo, kama una PlayStation iliyokufa darini, iwe Manyatta, Runyenjes au Meru, usiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla hujaifungua. Angalia upande wa chini wa bodi. Ukiona kipande cha miguu minane kimening'inia kwa nyaya nyembamba za rangi, kipige picha, hesabu nyaya na uandike kila moja inaishia wapi, kisha nitumie. Hadi sasa nimekusanya tatu, na hakuna mbili zilizochomelewa namna moja.