Mufwankolo Ni Yule Yule

Watazamaji wa tamthilia za kubuni za kisayansi wana kesi ya kudumu na waandishi wao. Mhusika aliyeaga katika mfululizo mmoja akiibuka katika mwingine, wanamkagua kama karani wa forodha: umri wake unalingana? Lile jeraha limekwenda wapi? Mbona amesahau alichoapa? Nyuma ya ukaguzi huo kuna imani isiyotajwa, kwamba mhusika ni daftari la matukio na kilichoandikwa humo hakifutwi. Historia ya maigizo ya Lubumbashi inanifanya nilitilie shaka daftari hilo. Kule kuna mhusika aliyerudi mbele ya watu kwa miongo kadhaa, leo mume katika nyumba yenye ugomvi, kesho mzee wa kijiji, na hakuna aliyemdai hesabu ya wiki iliyopita. Jina lake ni Mufwankolo, nami nadai kwamba alikuwa thabiti kuliko wengi wanaoandikiwa madaftari.

Ili kumwelewa, inafaa kuanzia Sakania, pale mpakani, ambapo reli kutoka kusini iliingia Kongo mwaka 1909. Mwaka uliofuata ikafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono, na mikono ililetwa kutoka kila upande: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, hata Ruanda-Urundi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeishi na kutafiti mjini humo, ameonyesha katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni jinsi Kiswahili kilivyokuja kuwa lugha ya kazi Katanga, na kwamba hesabu za kisiasa zilichangia: Wabelgiji hawakutaka mgodi wao uongee lugha ya kusini, kwa Waingereza. Kilichozaliwa hakikuwa Kiswahili cha Unguja. Ni Kiswahili ambamo watu ni “batu”, wako ni “beko”, na fedha ni feza. Katika kambi za wafanyakazi na mitaa kama Kenya (mtaa wa Lubumbashi, msomaji wa Nairobi asishtuke) walikutana majirani wasiokuwa na babu mmoja wala hadithi moja ya usiku. Mhusika wa kuwachekesha wote hakuweza kutegemea ngano za kabila fulani. Ilibidi atambulike kwa sauti, kwa mwendo, kwa namna anavyokwepa deni.

Katika udongo huo viliota vikundi vya vijana wachekeshaji. Kimoja kilijiita Jecoke, kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya vijana wachekeshaji wa Kenya. Kundi la Mufwankolo lina mizizi katika enzi hiyo ya kabla ya uhuru wa 1960, kisha likapata redio, kisha televisheni. Kiongozi wake, Odilon Kyembe Kaswili, alijulikana zaidi kwa jina la jukwaani, Mufwankolo, kuliko la kuzaliwa. Wenzake nao walibeba majina yanayojieleza: Bwana Cheko, ambaye kicheko kimo jinani, Kachelewa, jina linalosikika kama lawama ya msimamizi wa zamu, na Feza, ambaye kwa Kiswahili cha kule ni pesa yenyewe. Hawakuwa na mswada. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, wakajadiliana, wakarudia, na maneno yakatoka kinywani siku hiyo.

Kuhusu mwaka 1986 tuna ushahidi wa karibu kabisa. Fabian alikuwa mezani na marafiki, mbele yake firigisi ya kuku, kipande cha kumheshimu mkubwa. Alipotaka kuikata wagawane, alizuiwa: madaraka huliwa mazima. Akawauliza kina Mufwankolo maana ya msemo huo, nao badala ya kumjibu wakautengenezea mchezo, wakaufanyia mazoezi, kisha wakaucheza katika kijiji cha Kawama, kamera za televisheni zikiwapo. Maneno yao, kuanzia mashauriano hadi onyesho, yamechapwa katika kitabu chake cha 1990. Ukilinganisha mazoezi na onyesho unakuta maneno ya tukio lile lile yamebadilika, lakini huna shaka nani anasema. Uthabiti ulikuwa katika mtu.

Sasa mtazame Uhura wa Star Trek, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru. Mwaka 1967, katika sehemu iitwayo “The Changeling”, mashine inafuta kumbukumbu yake yote. Wakati anafundishwa upya kusoma, Kiswahili ndicho kinachomtoka. Wiki iliyofuata yuko kazini, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Jina lake la kwanza, Nyota, halikutamkwa kwenye skrini hadi filamu ya 2009. Yaani hata huko lilikozaliwa, daftari lilikuwa na kurasa tupu, na watu walimpenda Uhura kwa namna Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alivyokaa kwenye kiti chake. Ukaguzi mkali ulikuja baadaye, marudio ya vipindi na kanda za video zilipompa mtazamaji uwezo wa kurudi nyuma na kusimamisha picha.

Hapo atatokea wa kuniambia kwamba ninaipamba shida: Lubumbashi hawakuweka daftari kwa sababu hawakuwa na kanda wala karatasi. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Lakini shida haielezi kwa nini watu hao hao walitumia saa nyingi kubishana nani anafaa nafasi ipi. Uangalifu ulikuwapo, ila uliwekwa mahali pengine. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtu asiye na historia si mhusika, ni kinyago tu, kama vile vya vichekesho vya zamani vya Italia. Nalikataa, kwa kuwa kinyago huvaliwa na yeyote. Uhura amekwisha kuigizwa na Zoe Saldaña na Celia Rose Gooding. Mhusika mkuu wa Doctor Who alibadilishiwa mwili mwaka 1966 na akaendelea. Mufwankolo hawezi kukabidhiwa mwingine. Kenya, ile nchi, inalijua hili: Benson Wanjau, Mkikuyu, alichekesha watu kama Mzee Ojwang mwenye lafudhi ya Kijaluo, na alipofariki mwaka 2015 hakuna aliyefikiria kumtafutia mrithi. Kule kwenye vyombo vya anga mhusika huishi kuliko mwigizaji. Huku kwetu mwigizaji huishi kuliko visa vyake vyote, na anapokwenda anakwenda na mhusika.

Ndiyo maana hasara yetu ni kubwa kanda zinapopotea, maana mwili ndio uliokuwa daftari. Kama nyumbani kwako Lubumbashi, Sakania au ng'ambo ya mpaka Ndola kuna kaseti ya kundi hili, usirekodi juu yake. Inakilishe kabla mvua hazijaanza.