Magazeti ya Lebanoni: Waliobaki na Waliohama

Tukinunua gazeti mlangoni pa kanisa baada ya Misa, mara nyingi hatufikiri taabu ya wale waliolipiga chapa. Leo tunataka kuwapeleka Lebanoni, nchi ya mierezi inayotajwa katika Zaburi. Watu wake husema Kiarabu, Wakristu na Waislamu pamoja. Huko kazi ya magazeti iliwanyang'anya wengi makao yao, na wengine uhai wao.

Chapa ya Kiarabu ilianza huko milimani, katika monasteri. Abdallah Zakhir, Mkristu wa mji wa Aleppo, alikuwa fundi wa dhahabu. Katika monasteri ya Mtakatifu Yohane, huko Shuwayr, alichonga herufi kwa mikono yake mwenyewe, na mwaka 1734 kitabu cha kwanza kikatoka. Kazi hiyo si ndogo! Herufi zetu zinasimama kila moja peke yake. Herufi ya Kiarabu hubadili sura ikiwa mwanzoni mwa neno, au katikati, au mwishoni, na nyingi hushikamana na jirani zake. Basi fundi alihitaji vipande vya risasi vya namna nyingi sana, kuliko fundi wa chapa wa kwetu.

Magazeti yenyewe yalikawia. Mwaka 1860 Wadruze na Wamaroni walipigana, maelfu wakafa. Butrus al-Bustani aliyaona mambo hayo, na mwaka 1870 alianzisha mjini Beirut gazeti la Al-Jinan, lililotoka mara mbili kwa mwezi. Alitaka watu wa kila dini wajione kuwa wana wa nchi moja. Mwanawe Salim aliandika humo hadithi ndefu, kipande kwa kipande. Mwaka 1876 Yaqub Sarruf na Faris Nimr wakatoa Al-Muqtataf, gazeti la elimu: nyota, dawa, kilimo. Wasomaji walipeleka maswali yao, nao wakajibiwa.

Lakini nchi ilikuwa chini ya Waturuki, na Sultani Abdulhamid aliwaogopa watu wa kalamu. Maandiko yalipita kwanza kwa mkaguzi wa serikali, akafuta asiyoyapenda. Mwandishi afanye nini? Abaki na kusema nusu ya neno, ama ahame. Sarruf na Nimr, waliokuwa pia wamegombana na wakuu wa koleji walimofundisha, walihama. Mwaka 1885 gazeti lao lilikuwa Cairo, nalo lilitoka huko mpaka 1952. Jurji Zaydan, mzaliwa wa Beirut, akaanzisha Al-Hilal huko huko Cairo mwaka 1892. Hivyo Misri ilivuna shamba lililolimwa na Walebanoni. Sisi hatuwalaumu waliokwenda.

Mapadri Wayezuiti walibaki. Nyumba yao ya chapa ilikuwa Beirut tangu 1848, na mwaka 1898 Padri Louis Cheikho, mzaliwa wa Mardin, alianzisha Al-Mashriq. Alitafuta vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, akavitoa katika gazeti ili visipotee. Tuseme kweli, alikuwa mkali kwa waliompinga. Tena alipenda kuwahesabu washairi wengi wa kale wa Kiarabu kuwa Wakristu, na wataalamu wengi hawakukubali. Tunadhani upendo ulimzidi.

Vita ya 1914 ilipofika, Al-Mashriq lilinyamaza. Njaa ikaua watu wengi sana milimani. Tarehe 6 Mei 1916 Jamal Pasha, mkuu wa majeshi ya Waturuki, aliwanyonga watu hadharani, Beirut na Damascus, Wakristu na Waislamu, na miongoni mwao waandishi wa magazeti. Uwanja wa Beirut waliponyongwa unaitwa hata leo Uwanja wa Mashahidi.

Baada ya vita Padri Cheikho alirudi kazini, akafa Beirut mwaka 1927. Wenzake waliendelea mpaka 1970, gazeti likasimama tena. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaichoma nchi tangu 1975 mpaka 1990. Mwaka uliofuata, 1991, Al-Mashriq likapigwa chapa tena mjini Beirut.