Flashi imejaa shotikati? Usiifomati kwanza

Umeprinti CV kwenye steshenari pale Kirumba, Mwanza. Ukifika nyumbani unachomeka flashi, mafaili yote yamegeuka shotikati. Wengi huifomati hapo hapo, na ndipo kazi inapotea kweli.

Hicho ni kirusi cha shotikati. Hakifuti mafaili, kinayaficha na kuweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya moja, kinaingia kwenye kompyuta yako, na kila flashi itakayochomekwa baadaye nayo inaambukizwa. Ndiyo maana kompyuta ya steshenari, inayopokea flashi za watu wengi kwa siku, hukisambaza haraka.

Programu hasidi ziko za aina nyingi:

- Kirusi: hujibandika kwenye faili, kinasubiri ulifungue.
- Mnyoo: husambaa wenyewe kupitia mtandao.
- Trojani: hujifanya programu ya kawaida, mfano Office ya "bure" iliyokrakiwa.
- Ya kudai fidia: hufunga mafaili yako hadi ulipe. Mei 2017, WannaCry ilikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, wakati Microsoft ilishatoa apudeti ya kuziba tundu hilo tangu Machi.

Ufanye nini?

1. Usibofye shotikati yoyote.
2. Skani flashi kwa antivairasi iliyoapudetiwa.
3. Weka mpangilio wa Windows wa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, kisha yakopi sehemu salama.
4. Hapo sasa ndiyo uifomati flashi.

Siku nyingine, tuma CV kwa barua pepe, flashi ibaki nyumbani.