Baisikeli ya Kukunjwa na Watu Waitafutao

Msomaji, kama unakaa Eastleigh, umezoea ngurumo za ndege za jeshi zipitazo juu ya mapaa. Kiwanja kile cha kando ya mtaa kilikuwa cha jeshi la anga la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wasafiri wa kawaida nao walikitumia mpaka mwaka 1958, Embakasi ilipofunguliwa; na mwaka 1964 kikaingia mikononi mwa Jeshi la Anga la Kenya. Ndege ziligeuza sura ya vita vile, nazo ndizo zilizokipa umaarufu chombo kidogo tutakachokieleza hapa: baisikeli ya kukunjwa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko ndege. Katika miaka ya 1890 afisa wa Ufaransa, Kapteni Henri Gérard, alieneza baisikeli iliyokunjika katikati, ili askari akifika penye matope au mlima aibebe mgongoni. Faida yake vitani ni dhahiri: baisikeli haili nyasi kama farasi, hainywi petroli, wala haipigi kelele usiku. Hata hapa Afrika Mashariki ilitumika. Waingereza walipoishambulia Tanga mwezi wa Novemba 1914, mkuu wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliingia mjini usiku kwa baisikeli akapeleleze mwenyewe.

Vita Kuu ya Pili vilileta shida mpya. Askari wa miavuli alishuka kutoka angani, pengine mbali na mahali alipotakiwa, naye hakuwa na chombo ila miguu yake. Basi kiwanda cha BSA cha Birmingham, Uingereza, kikaunda baisikeli ya kushuka naye. Fremu yake ilikuwa ya mabomba mawili mawili yaliyopindwa, nayo ilikunjwa kwa kulegeza nati mbili zenye masikio, zifunguliwazo kwa vidole bila spana. Pedeli zilisukumwa ndani zisimchome mtu. Ilipotua, usukani na kiti vilitangulia kugusa ardhi ili magurudumu yasipindike. Kati ya mwaka 1942 na 1945 zilitengenezwa zaidi ya 60,000.

Lakini vita havingoji mipango ya watu. Punde si punde zilipatikana ndege zisizo na injini, zikokotwazo angani na ndege nyingine, ambazo ziliweza kubeba hata magari madogo. Kazi ya baisikeli ikapungua kabla haijashamiri. Tarehe 6 Juni 1944 askari wa Kanada walishuka nazo pwani ya Normandy, Ufaransa, wakizibeba mabegani majini. Na nyingi zikaachwa njiani. Vita vilipokwisha, zilizobaki ziliuzwa kwa raia.

Leo wako watu Ulaya na Amerika wazitafutao kwa bidii kama wawindaji. Huingia katika maghala na mabanda ya vyuma vikuukuu, wakasoma nambari iliyopigwa kwenye fremu, wakakwangua rangi ya juu waone ile ya jeshi iliyo chini, wakapima kama pedeli ni zile za asili au ni za kuigwa. Mwingine atasema ni upuuzi kuhangaikia chuma kilichochakaa. Mimi nasema watu hawa wana tabia ya mwanahistoria: hawakubali neno la muuzaji mpaka chuma chenyewe kitoe ushahidi.

Sasa geuza macho nyumbani. Kutoka Eastleigh mpaka Kamukunji si mbali, na huko nyundo za jua kali hulia kutwa. Huenda sanduku la bati ulilokwenda nalo bweni lilifuliwa huko, kutoka katika pipa kuukuu. Ni kazi ya heshima, nayo hulisha watu wengi. Lakini nyundo haiulizi chuma kimetoka wapi. Chombo kilichopita vitani kikifika mbele yake bila mtu wa kukitambua, kwa adhuhuri moja kitakuwa jiko, na habari zake zimekwisha.

Tena si vyuma tu vipoteavyo. Jirani kuna Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza. Wale walikwenda palipo shinda gari na baisikeli, mizigo vichwani, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Wengi hununua vyondo na viatu sokoni pale bila kujua kwamba wanatamka jina la wafu hao.

Basi, kijana, jifunze kwa watafutaji wa baisikeli. Uonapo chombo cha kale kwa babu yako, kabla hakijauzwa kwa kilo, uliza: kilitengenezwa wapi, nani alikitumia, kilifikaje hapa? Andika jibu pamoja na mwaka. Chuma huweza kungoja miaka themanini. Mzee ajuaye habari zake hawezi.