Mombasa kwa familia: Jinsi ya kufurahia likizo bila kuangukia Njaanuari

SHULE zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru na Kisumu: "Tutaenda Mombasa lini?" Mtoto anayeuliza hana habari kwamba majuma machache baadaye mkoba huohuo utatakiwa kulipa karo, sare na vitabu. Si bure kwamba Wakenya waliubatiza mwezi wa kwanza wa mwaka jina la Njaanuari.

Wazazi wengi wanapopanga safari hii huanza kwa kuhesabu nauli. Hapo ndipo hesabu inapokwenda kombo, kwa kuwa nauli ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachomaliza fedha ni tarehe ya kusafiri, namna ya kulala, na yale matumizi madogo madogo ambayo hakuna anayeyaandika.

Tuanze na tarehe, kwani ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi. Hoteli za Pwani hupandisha bei kuanzia takriban Desemba 20 hadi siku za kwanza za Januari, na vilevile wakati wa Pasaka. Mabasi nayo huongeza nauli majira hayo. Lakini wanafunzi wasiofanya mitihani ya kitaifa hufunga shule mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Kwa hiyo kuna majuma sita au zaidi ambapo watoto wako nyumbani ilhali bei bado ni za kawaida. Mzazi anayeweza kupata ruhusa kazini katikati ya Novemba, na hasa kati ya Jumatatu na Alhamisi, atalala katika chumba kilekile kwa fedha chache mno kuliko jirani yake wa Krismasi. Mvua za vuli huenda zikanyesha, ila aghalabu hunyesha kwa muda kisha jua likatoka. Aliye na mtahiniwa wa kidato cha nne hana budi kusubiri hadi mtihani umalizike, na hata yeye bado anazo siku za mwanzo za Desemba.

Mei na Juni ndiyo miezi ya bei nafuu kuliko yote kwa sababu ya masika, lakini watoto huwa darasani. Familia yenye watoto ambao hawajaanza shule ingefaa kuitumia nafasi hiyo kabla haijawaponyoka.

Kuhusu usafiri, treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 kwa nauli ya Sh700, bado ni nafuu kwa familia ndogo licha ya bei kupanda. Kwa nauli zilizoanza kutumika Januari 1, 2024, daraja la kawaida ni Sh1,500 na daraja la kwanza Sh4,500 kati ya Nairobi na Mombasa. Watoto wa miaka mitatu hadi 11 hulipa nusu. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo watatumia Sh4,500 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, yaani Sh9,000 kwa jumla. Katika daraja la kwanza safari hiyohiyo itawagharimu Sh27,000. Tofauti ya Sh18,000 ni bei ya kupata kiti kipana zaidi kwa muda wa saa tano au sita hivi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kiti hicho hakina thamani hiyo.

Treni ina faida nyingine isiyolipiwa: reli inakatiza mbuga ya Tsavo, na si ajabu watoto kuwaona ndovu dirishani. Kwa hivyo chagua treni ya mchana. Ile ya usiku itawapitisha hapo gizani.

Hata hivyo, vituo vyote viwili viko nje ya jiji. Kile cha Nairobi kiko Syokimau na cha Mombasa kiko Miritini, na teksi ya kwenda au kutoka vituoni huweza kula sehemu nzuri ya fedha zilizookolewa. Jijini Nairobi kuna treni ya abiria inayotoka stesheni kuu ya katikati ya jiji hadi Syokimau. Kule Miritini, matatu za kuelekea mjini hungoja abiria. Mwenye mizigo mingi na apatane bei kabla hajaingiza sanduku garini. Wanaoelekea Diani wanaweza kutumia barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha upande wa Miritini na Kwale bila kupitia feri ya Likoni. Feri yenyewe haiwatozi waendao kwa miguu, ila magari hulipa.

Suala la malazi ndilo lenye mitego. Matangazo mengi ya hoteli huonyesha bei ya mtu mmoja anayelala chumba kimoja na mwenzake, wala si bei ya chumba. Tuseme tangazo linasema Sh6,000 kwa usiku. Mume na mke watalipa Sh12,000, na kwa siku nne ni Sh48,000 kabla ya watoto kuhesabiwa. Kabla ya kutuma hata shilingi, uliza mambo haya kwa maandishi: Je, bei ni ya mtu au ya chumba? Inajumuisha milo mingapi? Vinywaji vimo? Mtoto anayelala na wazazi wake hulipa kiasi gani, na umri wa mtoto unakomea wapi? Hoteli kadhaa humruhusu mtoto mdogo kulala bure katika chumba cha wazazi, lakini anapovuka umri fulani huhesabiwa kama mtu mzima. Kijana wa miaka 12 anaweza kuivuruga bajeti nzima.

Ndiyo maana familia ya watu watano au sita hufaidika zaidi kwa kukodi nyumba yenye jiko huko Nyali, Bamburi, Shanzu au Mtwapa. Hapa bei ni ya nyumba, si ya vichwa. Familia mbili zinazoelewana zaweza kuchukua nyumba moja na kugawana. Tahadhari ni kwamba matapeli huchukua picha za nyumba za watu wengine na kuzitangaza mitandaoni. Usitume fedha zote kwa nambari ya simu ya mtu usiyemjua. Mwombe jamaa au rafiki aliye Mombasa afike akaitazame nyumba, au tumia wakala ambaye ofisi yake inajulikana.

Chakula cha Pwani ni utajiri ambao wageni wengi huupita wakikimbilia mikahawa waliyoiacha kwao. Kusafiri kilomita karibu 480 ili kula chipsi na soseji ni hasara maradufu. Mahamri na mbaazi asubuhi huwashibisha watoto kwa bei ambayo hotelini haitoshi kikombe cha chai. Jioni kuna viazi karai, bhajia, mishkaki na mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu. Kwa anayepika mwenyewe, soko la Kongowea lina matunda, nazi na mboga kwa bei ya jumla, na samaki hununuliwa kwa wavuvi asubuhi mashua zinaporudi. Familia inayopika mlo mmoja nyumbani na kununua mmoja nje itatumia sehemu ndogo tu ya gharama za hoteli.

Burudani kubwa kuliko zote hailipiwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Kwa hiyo mchanga ulio mbele ya hoteli ya kifahari ni wa mpangaji wa chumba cha Kisauni pia, mradi apitie njia ya umma. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita Pirates, hufurika sikukuu ya Krismasi na mwaka mpya, na ni rahisi mtoto kupotea katika umati huo. Mwandikie nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika.

Ufuoni, patana kwanza kuhusu ngamia, picha na mashua ya kioo. Muulize nahodha iwapo bei yake inajumuisha ada ya hifadhi ya bahari, ambayo hukusanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Wengi huipuuza mpaka watakapokuwa wameketi mashuani.

Bustani za michezo ya maji, kama vile Wild Waters iliyoko Nyali, ndizo watoto wanazozililia zaidi. Ziendee siku ya kazi, fika mapema, na uulize iwapo mzazi asiyeteleza majini analipa sawa na mtoto. Siku moja ya huko yatosha. Siku nyingine wapeleke Haller Park, Bamburi, msitu uliotokana na machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo Rene Haller alianza kuyapanda miti mwaka wa 1971. Ndipo alipoletwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajifanya mwana wa kobe mzee. Ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, hutoza raia ada ya chini kuliko wageni, basi beba kitambulisho. Kutembea katika Mji wa Kale ulio kando yake, na kupunga upepo Mama Ngina kwa dafu mkononi, hakuhitaji tiketi.

Yote hayo hayatafaa kitu iwapo safari itagharimiwa na mkopo wa simu. Fuliza hutoza ada ya kila siku, na deni la juma moja la ufuoni laweza kudumu hadi Machi. Vyama vingi vya akiba na mikopo vina akaunti ya likizo ambayo mwanachama huwekea kidogo kila mwezi na kuchukua mwisho wa mwaka. Sh4,000 kwa mwezi tangu Januari hadi Oktoba ni Sh40,000. Halafu, kabla ya kukata tiketi, lipa angalau sehemu ya karo ya muhula wa kwanza. Shule nyingi hupokea malipo kupitia benki hata zikiwa zimefungwa, na fedha iliyokwisha kulipwa haiwezi kununua ngamia.

Tiketi ya kurudi ikatwe siku ileile ya kukata ya kwenda. Treni za kutoka Mombasa hujaa mno siku chache kabla ya shule kufunguliwa, na anayebaki Miritini bila kiti hulazimika kupanda basi kwa nauli yoyote atakayotajiwa.