Tiba ya jeni ilivyokwama tumboni

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la Kigongo–Busisi Juni 19, 2025, mgonjwa wa rufaa kutoka Nyakahanga, Karagwe, au Isingiro, Kyerwa, anafika Hospitali ya Bugando, Mwanza, bila kusubiri kivuko. Daraja linaingiaje katika makala ya tiba ya jeni? Linaingia kwa sababu historia ya tiba hiyo, kwa upande wa saratani ya ovari iliyokwisha kusambaa, inatetea barabara, upasuaji na dawa za zamani kuliko miujiza ya maabara.

Tiba ya jeni ilianza kujaribiwa rasmi Marekani mwaka 1990, kwa mtoto mwenye upungufu wa kinga wa kurithi. Kwenye ovari, macho yalielekezwa kwa p53, jeni inayozuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika, na ambayo yenyewe huwa imeharibika katika saratani nyingi za aina hii. Wataalamu walipakia p53 nzima ndani ya virusi vya adeno vilivyodhoofishwa, wakaimimina tumboni mwa wagonjwa sambamba na dawa za kemotherapia. Hesabu za awali zilipoonyesha kuwa nyongeza hiyo haisaidii, jaribio likasitishwa. Mwaka 2003 Alain Zeimet na Christian Marth wa Innsbruck, Austria, waliuliza waziwazi katika jarida la Lancet Oncology kwa nini imeshindikana. Walijibu kuwa saratani hii hubeba hitilafu nyingi kwa pamoja, hivyo kurekebisha jeni moja hakutoshi. Tena mwili wenyewe huvishambulia virusi vinavyoibeba. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo China iliidhinisha dawa ya p53, Gendicine, kwa saratani za kichwa na shingo. Mwaka 2022 tiba nyingine ya jeni, VB-111, nayo ilianguka katika jaribio kubwa la saratani ya ovari.

Atakayepinga atasema hata cisplatin, dawa ya kemotherapia iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, iliwahi kuwa jaribio. Ni kweli, na utafiti haukupotea bure: kuzijua jeni za BRCA, zinazohusishwa na saratani hii, kumeleta vidonge vya olaparib, ingawa havipandikizi jeni yoyote. Lakini cisplatin na nduguye carboplatin zimekwisha kujithibitisha, na bado wanawake wengi hufika hospitali wamechelewa, tumbo likiwa limejaa maji, baada ya miezi ya kutibiwa vidonda vya tumbo. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zianzie hapo: mwanamke ambaye tumbo linamjaa na anashiba upesi kwa wiki kadhaa apigwe ultrasound mapema. Asitulizwe na majibu mazuri ya uchunguzi wa mlango wa kizazi, kwani kipimo hicho hakigundui saratani ya ovari.