Faili dogo kando ya picha: usilifute kabla hujalijua

Fungua folda ya kazi ya mpiga picha anayetumia kamera kubwa, awe Mpanda mjini au Kapalamsenga, utakuta kitu kinachowachanganya wengi. Kuna picha, tuseme IMG_0412.CR2, na kando yake kuna faili jingine dogo, IMG_0412.xmp. Ukilibofya halioneshi picha yoyote. Linafungua maandishi yasiyoeleweka, au halifunguki kabisa. Flashi ikijaa, hilo ndilo la kwanza kufutwa, na ndilo lililobeba kazi yote ya mhariri.

Ili uelewe kwa nini, msikilizaji, anza na picha yenyewe. Kamera huhifadhi picha kwa njia mbili. Ya kwanza ni JPEG, hii tunayotumiana kila siku kwenye simu. Hapo kamera imeshapika: imeamua rangi, imeamua mwanga, kisha imeibana picha iwe ndogo. Ya pili ni picha mbichi, yaani kile kilichoonwa na kamera kabla ya kupikwa. Canon huipa mwisho wa CR2 au CR3, Nikon huipa NEF, Sony huipa ARW, na baadhi ya simu za Android hutoa DNG ukiwasha hali ya kitaalamu. Picha mbichi ya megapikseli 24 huchukua MB 20 hadi 30 hivi. Ni nzito, lakini gauni jeupe la bibi harusi likipigwa jua la saa saba mchana, au kwaya ikipigwa ndani ya kanisa lenye giza, picha mbichi ina nafasi ya kurekebishwa kuliko JPEG.

Sasa, programu nzuri ya kuhariri haigusi picha mbichi. Inaiacha kama ilivyotoka kwenye kamera, halafu inaandika maagizo pembeni: ongeza mwanga kiasi hiki, punguza manjano, kata ukingo wa kushoto, inyooshe iliyopinda. Kila ukifungua picha, programu inasoma maagizo upya na kukuonesha matokeo. Maagizo hayo ndiyo yanayokaa kwenye faili la pembeni. Mtindo wa kuyaandika, XMP, ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2001, na mwaka 2012 ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO, ndiyo maana programu nyingi zinaufahamu.

Faili la pembeni mara nyingi ni KB chache tu, tuseme 10. Harusi yenye picha 400 itakuwa na mafaili hayo 400, na yote kwa pamoja hayazidi MB 4. Picha mbichi moja peke yake inazidi hapo mara tano. Kwa hiyo anayeyafuta ili apate nafasi hapati nafasi yoyote ya maana, ila anapoteza usiku mzima wa kazi.

Tatizo hujitokeza zaidi pale kazi inaposafiri. Kijana amehariri kwenye laptopu Kapalamsenga, anataka mwenzake wa Mpanda amalizie. Anachagua mafaili makubwa tu, anayaweka kwenye flashi, anapanda gari. Huko picha zinafunguka zikiwa zimefifia, nyingine zimepinda, kana kwamba hakuna aliyezigusa. Kadi haijaharibika na wala si virusi. Maagizo yamebaki nyumbani. Kama unapeleka kazi iendelee kuhaririwa, beba folda nzima. Kama unapeleka kuchapishwa, toa JPEG zilizokamilika na upeleke hizo, maana mashine ya kuchapisha haina habari na faili la pembeni.

Kubadilisha majina nako kumeumiza wengi. Programu inaunganisha picha na maagizo yake kwa kufuata jina. Ukiibadilisha IMG_0412.CR2 kuwa HARUSI_01.CR2 kwa mkono, na faili la pembeni likabaki na jina la zamani, yamekwisha tengana. Badilisha majina, na hamisha picha, ukiwa ndani ya programu ya kuhariri. Yenyewe itavishughulikia vyote viwili.

Sisi wa redio tuna ndugu yake tatizo hili. Programu ya sauti ya Audacity, kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2021, ilikuwa inatenganisha faili la mradi na folda ya sauti zenyewe. Aliyenakili faili la mradi peke yake alifika studio na kipindi kisichokuwa na sauti.

Programu za picha hazifanani. Lightroom Classic kwa kawaida huweka maagizo yote kwenye katalogi yake ndani ya kompyuta, na haiandiki faili la pembeni mpaka uwashe mpangilio huo, au uchague picha na kubonyeza Ctrl na S. Wengi hawajui hili, na laptopu ikiibwa katalogi inaondoka nayo. Darktable, ambayo ni ya bure, huandika yenyewe, na faili lake huitwa IMG_0412.CR2.xmp, jina zima la picha likiwa ndani. RawTherapee, nayo ya bure, hutumia mwisho wa pp3. Usidanganyike kwamba maagizo ya programu moja yatafanya kazi sawasawa kwenye nyingine. Nyota na maelezo huhama vizuri, rangi mara nyingi hazihami. Unapohama programu, toa kwanza JPEG za kazi zilizokwisha.

Mwenye simu tu naye anahusika. iPhone ikiunganishwa na kompyuta kwa waya, huweza kuonesha mafaili ya AAE kando ya picha. Hayo ni kumbukumbu ya uhariri uliofanya kwenye simu. Na ukiomba Google ikupe picha zako zote kwa pamoja, kila picha huja na faili la JSON lenye tarehe na maelezo uliyoyaandika. Kwa picha za zamani zilizoskaniwa, tarehe uliyoiweka wewe inaweza kuwa humo tu.

Faili la pembeni hubeba pia majina. Unaweza kuandika kuwa aliyekaa katikati ni babu fulani, na mwaka ni huu. Kwenye picha mbichi, maandishi hayo huenda kwenye XMP. Ukiifuta, wajukuu watabaki na sura wasiyoijua. Unapotoa JPEG, hakikisha umeruhusu maelezo yaingie ndani yake, na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na taarifa zake nyingi huondolewa. Ila kumbuka taarifa hizo huweza kuwa na mahali picha ilipopigwa. Picha ya nyumba ya mtu au ya mtoto, ondoa mahali kabla ya kuisambaza.

Na kuna suala la ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapopima ushahidi wa kielektroniki iangalie namna ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Ukiwa umepiga picha ya mpaka wa shamba au mazao yaliyoliwa na mifugo, itunze ile ya asili bila kuigusa. Kwa picha mbichi hili ni rahisi, maana marekebisho yako pembeni na asili iko palepale.

Kwa mtandao wetu, kupandisha GB 10 za harusi ni ndoto. Lakini zile MB 4 za mafaili ya pembeni zinapita. Yakusanye kwenye faili moja la zipu, ujitumie kwa barua pepe kila unapomaliza kazi, na picha zenyewe ziweke kwenye diski ya nje. Laptopu ikifa, rudisha mafaili hayo kwenye folda ya picha zake, majina yakiwa yaleyale. Kwenye darktable, ingiza folda upya na itayasoma. Kwenye Lightroom Classic, ingiza folda hiyo kwenye katalogi mpya. Kama picha zilikuwa tayari kwenye katalogi, zichague, nenda menyu ya Metadata, kisha uiagize isome kutoka kwenye mafaili.